Kufagia bila kumwamsha mtoto

Mzazi mmoja wa Thika ameniandikia akiwa na dukuduku. Mwanawe wa kiume, aliye mwaka wa pili chuoni, yuko nyumbani kwa likizo. Kila asubuhi baada ya chai kijana huyo hukaa mbele ya tarakilishi, huandika kwa muda wa saa moja, kisha hufuta kila alichokiandika. Kesho yake huanza tena zoezi lile lile, na kulifuta vile vile. "Nikimuuliza ananiambia anajifunza kupanga upya programu ambayo tayari inafanya kazi," aandika mzazi huyo. "Kama inafanya kazi, anapanga nini? Na kama amekwisha kupanga, mbona anafuta? Nimpeleke hospitali au nimwache?"

Mwache, ndugu yangu. Tena umpelekee chai ya pili. Nasema hivyo kwa sababu jambo hili liliingia nyumbani kwangu mwaka jana, na liliingia na machozi.

Ilikuwa Jumatatu. Mpwa wangu alirudi saa nane mchana ilhali kazini hutoka saa kumi na moja. Hakusalimia. Alipita sebuleni moja kwa moja hadi chumbani, akajifungia. Mama watoto alinitazama, nami nikamtazama, na bila shaka sote tulidhani jambo moja: mtoto wa watu amefutwa kazi.

Msichana huyu ni kifungua mimba wa dada yangu aliye Voi. Anasomea sayansi ya tarakilishi katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, na wakati huo tulikuwa tumempa kitanda Buruburu ili afanye mafunzo ya nyanjani katika kampuni ndogo iliyo katikati ya jiji. Kampuni hiyo huandika programu ya kuhesabu karo za shule. Mzazi akilipa kwa simu, programu hupokea, hupunguza deni, kisha humtumia ujumbe wa kumwambia kilichosalia.

Usiku alitoka, akaketi mezani, akaisukuma sahani kando na kutueleza.

Ndani ya programu ile mlikuwa na fungu moja la maagizo lenye mistari mia nne na zaidi. Lilikuwa limeandikwa na watu watano au sita kwa muda wa miaka saba, kila mmoja akibandika chake bila kugusa cha mwenzake. Kama mtoto ni wa bweni, fanya hivi. Kama si wa bweni lakini hula chakula cha mchana shuleni, fanya vile. Kama ana ndugu katika shule hiyo hiyo, kama ana basari, kama basari imekuja nusu. Kama ndani ya kama, hadi macho yanachoka kufuata. Mpwa wangu aliuona uchafu huo akaona haya kwa niaba ya kampuni nzima. Ijumaa jioni alibeba tarakilishi ya kazi akaja nayo nyumbani. Jumamosi na Jumapili hakwenda sokoni wala kanisani. Usiku wa Jumapili alituonyesha matokeo: mistari mia nne imekuwa tisini. Mimi nisiyejua mbele wala nyuma nilimpigia makofi.

Jumatatu asubuhi, mkubwa aliyepaswa kuikagua kazi hiyo alikuwa safarini. Msichana akaiweka programu mpya mahali pa ile kuukuu kwa mkono wake mwenyewe. Kufikia saa tatu, ujumbe ulikuwa umewafikia wazazi wa shule tatu.

Katika ile mistari mia nne mlikuwa na vipande viwili vilivyofanana kama pacha, naye alikuwa ameondoa kimoja akidhani ni marudio. Pacha hao walitofautiana kwa neno moja. Kimoja ndicho kilichobeba salio la muhula uliotangulia. Kilipoondoka, kila mzazi aliyekuwa amelipa zaidi muhula wa kwanza alionekana ana deni muhula wa pili. Shule moja haikuuliza. Iliwarudisha watoto nyumbani kutafuta karo. Mama mmoja muuza mboga alifunga kibanda chake, akapanda matatu hadi ofisini, risiti mkononi na mtoto wa gredi ya sita ubavuni. Aliyempokea mlangoni alikuwa mpwa wangu.

Programu kuukuu ilirudishwa kabla ya adhuhuri. Msichana akaambiwa aende nyumbani apumzike.

"Mjomba," aliniambia, "yule mama hakunitukana. Aliniuliza tu: mwanangu, kwani ilikuwa na kasoro gani?"

Basi hebu tuliangalie swali la mama huyo, kwa kuwa ni lile lile la mzazi wa Thika. Programu ilikuwa ikifanya kazi. Kwa nini iguswe?

Wanaoandika programu wana jina la kazi hii. Huiita rifaktaringi. Maana yake ni kubadilisha mpangilio wa ndani wa msimbo, yaani yale maagizo ambayo tarakilishi hufuata, bila kubadilisha hata chembe yale ambayo programu humfanyia mtumiaji. Mama watoto alipoelezwa hivyo alicheka, akasema, "Kumbe ni kufagia chumba alimolala mtoto mchanga. Chumba kiwe safi, na mtoto asiamke." Nimewasikia wasomi wakijaribu kuifafanua tangu siku hiyo, na sijasikia aliyemshinda.

Sababu ya kufagia ni kwamba programu haikai kama ilivyoandikwa. Serikali hubadilisha kanuni, shule huongeza basi la wanafunzi, benki hubadilisha njia ya kupokea fedha, na kila badiliko lazima mtu aingie ndani ya msimbo alitie. Pakiwa pachafu, badiliko la nusu siku huchukua wiki mbili, na kila ukigusa hapa pale panabomoka. Mpwa wangu hakukosea kuona kwamba fungu lile lilihitaji kupangwa. Alikosea namna ya kulipanga.

Mambo haya yana historia yake. Mwaka wa 1992, William Opdyke aliandika tasnifu ya uzamifu kuhusu jambo hili katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, chini ya usimamizi wa Ralph Johnson. Lakini aliyelieneza kwa waandishi wa programu wa kawaida ni Mwingereza Martin Fowler, kwa kitabu chake *Refactoring* cha mwaka wa 1999. Mfano wa kwanza katika kitabu hicho ni duka la kukodisha kanda za video. Wenzangu wa rika langu mnayakumbuka maduka hayo mitaani, na faini ya kuchelewesha kanda! Fowler alichukua programu fupi ya kuandika hesabu ya mteja wa duka kama hilo, akaipanga upya hatua kwa hatua, akimwonyesha msomaji kila hatua. Alipotoa chapa ya pili mwaka wa 2018, maduka yenyewe yalikuwa yamekwisha kufa, naye akaweka mahali pake kikundi cha waigizaji wanaowatoza wateja kwa kuigiza tamthilia.

Kitabu hicho kina sura nzima kuhusu harufu mbaya za msimbo. Mwenzake Fowler, Kent Beck, ndiye aliyebuni usemi huo wa harufu, na Fowler anadokeza kwamba huenda ulimjia kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na mtoto mchanga. Wazazi mnaelewa. Fungu refu kupita kiasi lanuka. Maagizo yale yale yaliyoandikwa mahali pawili yananuka. Jina lisilosema kitu lanuka: mtu anaita kitu "x2" na baada ya miezi sita hata yeye mwenyewe hakumbuki kilikuwa nini. Kunuka si ushahidi kwamba kitu kimeoza. Ni sababu ya kuinama na kutazama.

Mpwa wangu alikuwa amekisoma kitabu hicho. Tena alikuwa amekifanyia mtihani chuoni akapata alama nzuri sana. Hilo ndilo lililonishangaza. Alijua majina ya harufu zote, na hata hivyo amewarudisha watoto wa watu nyumbani.

Mkubwa wa ofisi, mzee ambaye vijana humwita Mwalimu, aliporudi Jumanne hakumfuta kazi. Alimwita, akamuuliza swali moja. "Uliposema umeisafisha bila kuibadilisha, ulijuaje kwamba haijabadilika?" Msichana akakosa la kujibu. Alikuwa ameisoma kwa macho, akaona ni sawa. Basi Mwalimu akampa zoezi, saa moja kila asubuhi kabla ya kazi nyingine yoyote, na akamkataza kuligusa fungu la karo hadi atakapoambiwa.

Zoezi lenyewe ni maarufu duniani kwa waandishi wa programu. Huitwa Gilded Rose. Lilibuniwa na Terry Hughes, na Emily Bache akalihamishia katika lugha nyingine za tarakilishi, hata leo mwanafunzi anaweza kulipata bure katika karibu lugha yoyote anayoijua. Ni programu ndogo ya duka la kubuni. Kila bidhaa ina namba mbili: siku zilizosalia kabla ya kuuzwa, na ubora wake. Kila usiku namba zote mbili hupungua kwa moja. Siku zikiisha, ubora huanza kupungua maradufu. Ubora haushuki chini ya 0 wala haupandi juu ya 50.

Mpaka hapo ni rahisi. Kisha kuna bidhaa zenye tabia zao. Jibini huongezeka ubora kadiri inavyokaa. Kuna silaha ya kale ya hadithini ambayo haichakai kamwe, na ubora wake ni 80 daima. Kuna tiketi za tamasha: zikibaki siku 10 au chini yake, ubora hupanda kwa 2 kila siku, zikibaki 5 au chini yake, hupanda kwa 3, tamasha likipita, tiketi haina thamani, ubora ni 0. Na sasa mwenye duka anataka kuongeza aina mpya ya bidhaa, ya kimazingaombwe, ambayo huchakaa mara mbili ya nyingine. Hiyo ndiyo kazi unayopewa. Kuna na sharti la mzaha: sehemu moja ya msimbo ni mali ya zimwi aliyeketi pembeni, na ukiigusa atakuangamiza. (Kila ofisi ninayoijua ina zimwi kama huyo, ila wengine huvaa tai.)

Msimbo wa duka hilo uliandikwa vibaya kwa makusudi. Ni "kama" ndani ya "kama" ndani ya "kama", na nyingi ni za kukanusha: kama si jibini na kama si tiketi, na kama ubora ni zaidi ya 0, na kama si silaha, basi punguza. Mahali pamoja, badala ya kusema ubora wa tiketi sasa ni 0, msimbo unasema chukua ubora, uondoe ubora. Ni kweli jibu ni 0. Lakini ni sawa na kumwambia mtoto ahesabu vijiko vyote vya nyumba kisha aviondoe vyote ili ajue kwamba havipo.

Siku ya kwanza mpwa wangu alifanya kama alivyofanya na karo. Aliusoma, akauelewa, akauandika upya wote kwa dakika arobaini. Mwalimu alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama, akamuuliza lile swali lake. Kisha akasema, "Futa."

Jioni hiyo alikasirika kweli. Alituambia Mwalimu anamchezea.

Siku ya pili hakugusa msimbo kabisa. Aliweka bidhaa chache dukani, akaiendesha programu kwa siku 30 za kubuni, akachapisha namba zote za kila siku na kuzihifadhi katika faili. Hakuuliza kama namba hizo ni sahihi. Aliuliza tu programu kuukuu husema nini. Michael Feathers, Mmarekani aliyeandika kitabu cha mwaka wa 2004 kuhusu programu kuukuu, ndiye aliyewafunza wengi njia hii: kabla ya kubadilisha, iandike tabia ya programu kama ilivyo, pamoja na ulemavu wake. Kuanzia hapo, kila akigeuza kitu angeiendesha programu tena na kulinganisha na faili. Zikilingana mstari kwa mstari, mtoto hajaamka.

Halafu akaja siku ya tatu na kutuonyesha nyumbani. Nilikaa kando yake kwa sababu nilitaka kuona kazi hii isiyoonekana.

Alibadilisha jina moja. Akaendesha, zikalingana. Akahifadhi. Akachukua vile vya ndani ya mzunguko akavipa fungu lao lenye jina lao. Akaendesha, akahifadhi. Akaigeuza "kama si jibini" moja ikawa "kama ni jibini", na vilivyokuwa juu vikashuka chini. Akaendesha. Hazikulingana. Nikadhani sasa ataanza kutafuta kosa, nikavuta kiti. La! Alibonyeza mara mbili, akarudi kwenye hali aliyoihifadhi nusu dakika iliyopita, akaanza hatua ile upya, polepole zaidi.

"Mbona hukutafuta kosa?" nikamuuliza.

"Mjomba, hatua ni ndogo. Ni rahisi kuirudia kuliko kuichunguza. Jumapili ile nilikuwa na hatua mia mbili mkononi kabla ya kuendesha hata mara moja. Ningerudi wapi?"

Nilianza kuelewa hapo. Ni jambo la mkono. Mtu anaweza kukuambia kwa maneno kwamba uende kwa hatua ndogo, nawe ukakubali kwa dhati, lakini kidole kikishaonja kasi hakitaki kungoja. Kidole chenyewe ndicho kinachofunzwa. Dave Thomas, mmoja wa waandishi wa kitabu *The Pragmatic Programmer* cha mwaka wa 1999, aliliona hilo akayaita mazoezi ya namna hii "kata", neno alilolitoa katika karate ya Wajapani, ambako mwanafunzi hurudia mapigo yale yale kwa mpango ule ule hadi mwili uyajue. Ndiyo sababu zoezi hufutwa, mzazi wangu wa Thika. Duka lile halina mwenyewe wala mteja. Kinachobaki kijana akifuta ni kile kilichoingia mkononi.

Kuna siku moja nitakayoieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ilimfunza zaidi ya nyingine zote. Ilikuwa katika juma la pili. Alikuwa amelipanga duka vizuri, jibini mahali pake, tiketi mahali pake, na faili ililingana kila mara. Mwalimu akaja, akafuta kwa mkono wake ule mstari unaozuia ubora wa tiketi kupita 50. Akamwambia, "Endesha." Akaendesha. Zikalingana!

Msichana alihisi baridi. Kumbe katika bidhaa alizoziweka dukani hapakuwa na tiketi hata moja iliyoanza na ubora mkubwa kiasi cha kufikia 50. Faili yake ilikuwa ikimwambia "salama" juu ya jambo ambalo haikuwahi kulitazama. Akaongeza tiketi yenye ubora 49 na siku 5, ambayo usiku mmoja ingeruka hadi 52 kama hakuna kizuizi. Akaongeza na jibini iliyo 50 tayari, na bidhaa iliyo 0. Kuanzia siku hiyo akawa na desturi mpya: kabla ya kuamini kinga yake, huvunja kitu kimoja kwa makusudi aone kama itapiga kelele. Ikinyamaza, anajua pana tundu.

Alipotutajia hayo, alinyamaza kidogo akasema kwamba tundu la aina hiyo ndilo lililomleta yule mama ofisini. Hata kama angalikuwa na faili ya kulinganisha siku ile, na ndani yake hamna mzazi hata mmoja aliyelipa zaidi muhula uliotangulia, ingelimwambia ni salama.

Kuna waliolipa zaidi ya hayo. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, Knight Capital, iliweka programu mpya katika mitambo yake. Mtambo mmoja kati ya minane ulisahauliwa, ukabaki na msimbo wa zamani ambao kampuni ilikuwa imeacha kuutumia tangu 2003 lakini haikuuondoa. Mwaka wa 2005 sehemu moja ya programu ilikuwa imehamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine, na baada ya kuhamishwa hakuna aliyeujaribu tena msimbo ule wa zamani kuona kama ungali unajua kusimama. Soko la New York lilipofunguliwa asubuhi hiyo, msimbo uliolala uliamka, ukaanza kutuma maagizo ya hisa bila kukoma. Kwa muda wa dakika 45 hivi, kampuni ilipoteza dola zaidi ya milioni 440. Mwaka uliofuata iliunganishwa na kampuni nyingine. Makosa ya siku hiyo yalikuwa mengi, na kusahau mtambo ni kubwa kuliko yote. Lakini mimi hurudia kulifikiria lile la 2005, kuhamisha kitu bila kukijaribu, kwa sababu ni dogo na lilingoja miaka saba.

Mwanangu wa mwisho, ambaye hapendi kazi ya kurudia, alimwambia binamu yake kwamba haya yote ni ya kizamani; siku hizi akili unde hupanga msimbo kwa sekunde chache. Mpwa wangu hakubisha. Alimpa akili unde duka lile mbele yake, nayo ikarudisha msimbo nadhifu kweli. "Sasa niambie," akamwuliza binamu, "haijabadilika?" Kijana akausoma kwa macho, akasema anaona ni sawa. Sote tukacheka isipokuwa yeye. Kisha wakauendesha juu ya ile faili. Ulilingana, safari hiyo. Lakini aliyejua kwamba umelingana ni yule aliyekuwa na faili, na aliyejua faili ina tundu au haina ni yule aliyekwisha kuivunja mara ishirini.

Sasa nizungumze na wanafunzi moja kwa moja. Huhitaji tarakilishi ya bei ghali. Gilded Rose ni ndogo, mashine iliyotumika iliyonunuliwa Luthuli Avenue itaiendesha bila kuguna. Ukishalifanya mara kadhaa, chukua programu yako mwenyewe uliyoiandika muhula wa kwanza. Utaona haya, na haya hizo ni nzuri. Usiiandike upya. Iandikie kwanza faili ya tabia yake, kisha badilisha jina moja. Na usichanganye kazi mbili kwa wakati mmoja: kama unapanga, usiongeze kitu kipya, kama unaongeza, usipange. Mwalimu alimruhusu mpwa wangu kuongeza ile bidhaa ya kimazingaombwe baada ya duka kupangika, na siku hiyo iliingia kwa mistari michache, ikiwa na fungu lake, bila kumgusa mwingine. Alikuwa amejaribu kuiongeza siku ya kwanza katika msimbo mchafu, ikamchukua asubuhi nzima na bado jibini ikaharibika.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akikuambia leo amefanya kazi saa nne na programu iko vile vile, usimcheke. Muulize swali la Mwalimu, "Umejuaje kwamba iko vile vile?" Akiwa na jibu, amefanya kazi. Akianza kujitafuna, utakuwa umemsaidia kuliko ungalimlipia masomo ya ziada.

Juma la nne, Mwalimu alimrudishia fungu la karo. Siku mbili za kwanza msichana hakubadilisha herufi hata moja. Alikusanya aina za wazazi: wa bweni, wa kutwa, wenye basari nusu, wenye watoto watatu shule moja, na juu ya orodha akamwandika mzazi aliyelipa zaidi muhula uliotangulia. Mzazi huyo alimpa namba za risiti ya yule mama, kwa shilingi na senti. Kisha akaanza, jina moja, fungu moja, endesha, hifadhi. Wale pacha wawili aliwaacha hadi mwisho. Alipowafikia aliwatenganisha, akampa kila mmoja jina linalosema kazi yake, na hakumfuta yeyote. Njiani aligundua kwamba kanuni ya ndugu ilikuwa na kosa la kweli la muda mrefu. Aliliandika kwenye karatasi, akalipeleka kwa Mwalimu kama jambo la siku nyingine, akaendelea.

Kazi yote ilimchukua siku kumi na moja. Haikuwa mistari tisini. Ilikuwa zaidi ya mia mbili. Mwalimu aliikagua Alhamisi, ikawekwa Ijumaa asubuhi, na msichana akakaa kando ya simu ya ofisi kutwa nzima.

Jioni alifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida. Mama watoto, aliyekuwa akipakua sukuma wiki, alimuuliza kwa wasiwasi siku imekuwaje.

"Hakuna aliyepiga simu, shangazi," akasema, akaomba kipande kingine cha ugali.